Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi kwa Anayekwenda Kutazama Nyasi na Maji

Maoni mengi yanayoandikwa kuhusu Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi hutolewa na watu waliomwona simba au waliomkosa, na sifa au lawama wanazoipa hupanda na kushuka kwa kufuata bahati hiyo. Tathmini hii inafuata njia nyingine. Mimi huingia mbugani humo kutazama nyasi, mabwawa na viumbe wasioweza kuishi bila vitu hivyo viwili, na kwa kipimo hicho nasema bila kusita kwamba sijui mahali pengine ambapo mkazi wa Nairobi, akitoka nyumbani alfajiri na kurudi kabla ya chakula cha mchana, anaweza kujifunza mengi kiasi hicho kuhusu uwanda wa nyasi: unavyoishi, unavyodumu na unavyokufa. Nitaeleza pia kwa nini huduma za baadhi ya watu wanaotembeza wageni humo hazilingani na thamani ya mahali penyewe, na kwa nini sehemu muhimu kuliko zote ya mbuga hii haimo ndani ya mipaka yake.

Mbuga ilitangazwa rasmi mwaka 1946, ikiwa ya kwanza nchini Kenya. Ina ukubwa wa kilomita mraba 117, na lango lake kuu, lililoko katika Barabara ya Lang'ata, liko kilomita 7 hivi kutoka katikati ya jiji. Kaskazini, mashariki na magharibi pamewekwa ua unaoitenga na mitaa, viwanda na barabara. Kusini mpaka ni Mto Mbagathi, na ng'ambo ya mto huo ni Kitengela, kisha nyanda za Athi na Kapiti zinazoenea katika kaunti za Kajiado na Machakos. Msomaji aushike vizuri mpaka huo wa kusini, kwa sababu karibu kila jema na kila la kutia wasiwasi nitakalolitaja linatokana nao.

Kuhusu kuingia sina mengi ya kusema. Ada hulipwa kwa njia ya kielektroniki kupitia eCitizen wala si kwa fedha taslimu, kwa hiyo ni vyema kumaliza malipo ukiwa nyumbani. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na hifadhi za taifa, basi maji yabebwe katika chupa ya kudumu. Anayekuja kwa ajili ya ndege awe langoni linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Lango kuu humpitisha mgeni kwanza katika msitu ulio upande wa magharibi, wenye mizeituni ya porini na nyani wengi. Ni msitu mzuri, lakini anayetaka uwanda atafanya vyema zaidi akiingia kwa upande wa Barabara ya Mombasa.

Ukishuka kutoka msituni, udongo hubadilika na kuwa ule mweusi ambao kila mjenzi wa Nairobi anaujua na kuuogopa. Mvua ikinyesha huvimba na kunata. Jua likiwaka hujikunja na kupasuka nyufa ambazo kiganja cha mtu mzima kinaingia. Miti mingi haistahimili ardhi inayosogea na kuinyonga mizizi yake namna hiyo, ilhali nyasi zinastahimili, na hiyo ni sababu mojawapo ya uwanda kuwa wazi hivyo. Mti mmoja ulioimudu ardhi hii ni mgunga mfupi, Vachellia drepanolobium, wenye vinundu vyeusi vilivyo wazi kwa ndani chini ya miiba yake. Sisimizi hutoboa vinundu hivyo na kufanya makao humo, na upepo ukipita katika matundu yao mti mzima hupiga mluzi mwembamba. Twiga akianza kuyala majani, sisimizi humiminika kumuuma midomo na ulimi mpaka ahamie mti mwingine, na kwa njia hiyo mti hupata ulinzi nao hupata nyumba.

Nyasi ninayomsihi kila mgeni aitazame kwa karibu ni Themeda triandra. Ikikomaa hugeuka rangi ya kutu, na ndiyo inayoupa uwanda wekundu ule ambao abiria wa ndege zinazotua katika Uwanja wa Wilson huuona bila kujua unatoka wapi. Katika kituo cha kutazamia cha Impala, ambako mtu huruhusiwa kushuka garini, mbegu zake hunasa kwenye soksi, na huna haja ya kuchuma chochote ili kuzichunguza. Kila mbegu ina ncha kali yenye vinyweleo vilivyoelekea nyuma, na mkia mrefu mweusi uliopinda katikati na kusokotwa. Iweke kiganjani, uidondoshee tone moja la maji, kisha usubiri. Mkia huanza kujisokotoa taratibu, mbegu ikizunguka nao. Uwandani kazi hiyo hufanywa na umande: usiku mkia hulowa na kujifungua, mchana hukauka na kujisokota tena, na kila mzunguko huisukuma ncha ndani zaidi ya ufa wa udongo hadi mbegu ikajizika yenyewe, salama dhidi ya moto na midomo ya ndege. Nimewaonyesha watoto jambo hilo na wakasahau kuuliza simba yuko wapi.

Nyasi za namna hii hukua kutoka chini. Sehemu inayochipuka iko karibu na ardhi, na sehemu kubwa ya mmea ni mizizi, kwa hiyo mnyama anapokata majani au moto unapopita haraka, mmea haufi. Mara nyingi hupata nguvu, kwa sababu mabua makavu yaliyoyazuia machipukizi kupata mwanga yameondolewa. Kisichofaa nyasi ni kuachwa kabisa, kama vile isivyofaa kulishwa bila kupumzishwa. Na wanyama wanaozila hawazili kwa namna moja. Punda milia, mwenye meno ya mbele juu na chini, hukata mabua marefu na magumu ambayo wengine hawayataki, na kwa kuwa chakula hupita haraka tumboni mwake, hutosheka na nyasi duni mradi ziwe nyingi. Nyumbu hufuata na mdomo wake mpana, akila majani yaliyobaki chini ya mabua. Swala tomi huja mwisho, akichagua machipukizi mafupi ambayo hangeyafikia kama wale wawili hawangetangulia. Wakipungua wa kwanza, wa mwisho naye hupungua, hata kama hakuna aliyemwinda. Nyasi zikirefuka na kukakamaa, swala hupoteza chakula na pia hupoteza uwezo wa kumwona simba akinyemelea, naye huondoka kwenda kutafuta mahali penye nyasi fupi, yaani kwenye malisho ya ng'ombe nje ya mbuga.

Hapo ndipo mpaka wa kusini unapoingia. Kwa vizazi vingi nyumbu na punda milia walitoka mbugani mvua zilipoanza, wakavuka Mbagathi na kutawanyika katika nyanda za Kitengela na Kapiti, ambako nyasi za msimu ni fupi na mbichi na adui huonekana kutoka mbali; kiangazi kilipowabana walirudi, kwa kuwa mbuga ina mito na mabwawa yasiyokauka upesi. Mbuga, kwa maneno mengine, ni kisima cha kiangazi cha uwanda mkubwa zaidi, na peke yake haikuwahi kutosha. Katika miaka ya 1970 nyumbu wa uwanda huo walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 walikuwa wamebaki elfu chache tu, na anayetembelea mbuga leo akiona kundi dogo la nyumbu kandokando ya bwawa anaona masalio ya uhamaji ambao zamani ulitajwa pamoja na ule wa Serengeti na Mara.

Sababu zake si za kufichika kwa mtu yeyote anayesafiri kutoka Athi River kwenda Namanga. Ardhi iliyokuwa ya ranchi za pamoja iligawanywa kwa watu binafsi kuanzia miaka ya 1980, kila mwenye hati akawa huru kuuza, na jiji likawa mnunuzi asiyechoka. Zikaja ploti za hamsini kwa mia, machimbo ya mawe, viwanda, nyumba za kilimo cha maua, na juu ya yote waya. Ua mmoja haumzuii nyumbu; atauzunguka. Lakini nyua mia zilizojengwa na watu mia, kila mmoja akilinda kilicho chake kwa haki, zinafunga njia ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekusudia kuifunga. Sitaki kumlaumu mfugaji aliyeuza ekari kadhaa ili kulipa karo au gharama za hospitali. Anayepaswa kuulizwa ni yule anayefurahia wanyama bila kuchangia chochote kwa mwenye ardhi inayowalisha.

Jaribio la kulijibu swali hilo limewahi kufanywa. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba wa Kitengela kiasi cha dola 4 kwa ekari kwa mwaka, kwa sharti kwamba wasijenge ua, wasilime wala kuchimba mawe, na wawaachie wanyama wapite. Kiasi hicho ni kidogo sana kikilinganishwa na bei ya ardhi iliyo karibu na jiji, na bado familia nyingi zilijiunga, kwa sababu fedha zilitoka kwa wakati unaofaa kulipia karo na kwa sababu uwanda usio na ua hufaa ng'ombe kama unavyofaa nyumbu. Ng'ambo hiyo hiyo ya mto ndiko kijana Richard Turere, aliyechoshwa na simba waliovamia zizi la baba yake, alipounganisha taa zinazowaka na kuzimika kwa zamu usiku ili simba wadhani kuna mtu anayezunguka na tochi. Taa hizo zimeenea hadi mbali, na nazitaja hapa kwa kuwa simba anayepigwa picha asubuhi na mgeni wa Lang'ata huenda usiku uliotangulia alikuwa nje ya zizi la mtu huko kusini.

Anayedhani kwamba uwanda mpana hauwezi kuisha na autazame ule wa Amerika Kaskazini. Nyanda za nyasi ndefu za Marekani ya kati zilikuwa na udongo mweusi wenye rutuba kubwa, uliotengenezwa na mizizi ya nyasi kwa maelfu ya miaka. Mwaka 1837 John Deere alitengeneza jembe la chuma lisilonaswa na udongo huo unaonata, na katika muda wa maisha ya mtu mmoja karibu uwanda wote ukageuzwa mashamba ya mahindi na ngano. Leo haibaki hata asilimia 4 ya nyasi ndefu za asili. Kipande kikubwa kilichosalia kiko katika vilima vya Flint Hills, Kansas na Oklahoma, na hakikusalia kwa huruma ya mtu bali kwa sababu mwamba uko karibu mno na uso wa ardhi na jembe lilishindwa. Nyati wa huko, waliokuwa makumi ya mamilioni, walibaki chini ya 1,000 kufikia mwisho wa miaka ya 1880. Mabwawa madogo yaliyotapakaa katika nyanda za kaskazini, ambamo bata wengi wa bara hilo huzaliana, mengi yalikaushwa kwa mitaro ili kupanua mashamba. Sasa watu wa huko wananunua mashamba kwa bei kubwa, wanapanda upya nyasi za asili, wanaziba mitaro na kuchoma moto kwa ratiba ili kurudisha kitu ambacho sisi bado tunacho, kikiwa hai, kwa mwendo wa matatu kutoka katikati ya jiji. Kwetu jembe si tishio kuu, kwa kuwa mvua ni haba na udongo ni mgumu kulima. Ardhi yetu inakwenda kwa hati na waya, lakini kasi yake ni ile ile.

Nimeanza na nyasi, ila kwa mgeni wa mara ya kwanza ningependekeza maji. Mbuga ina mabwawa kadhaa yaliyochimbwa na watu, na yaliyo muhimu zaidi kwa mtazamaji ni Bwawa la Hyena, Nagolomon, na lile la Bonde la Athi lililo upande wa mashariki. Egesha gari kandokando ya hilo la mwisho, uzime injini na ukae. Katika saa moja ya utulivu unaweza kuona korongo domo-njano akitembea huku akilikoroga tope kwa mguu mmoja ili kuwatoa samaki mafichoni, domomwiko akifagia maji kushoto na kulia, mnandi akianika mabawa, na kama ni bahati yako, korongo taji wawili wakitua kwenye majani mafupi ya ukingoni. Korongo taji yumo katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka, na sababu inaonekana ukimtazama anavyoishi: huhitaji kinamasi chenye majani marefu ya kufichia kiota, na karibu nacho uwanda wa nyasi fupi wa kutafutia wadudu na mbegu. Ukikausha kinamasi au ukiujenga uwanda, umemfukuza, hata kama umeuacha ule mwingine. Ndege zaidi ya aina 400 wamewahi kuonekana katika mbuga hii, na sehemu kubwa ya idadi hiyo inatokana na ukweli kwamba nyasi, maji na msitu vimekaa pamoja katika eneo dogo.

Mwisho wa mvua za masika nenda kwenye nyasi ndefu umtafute kweche dume, yule mweusi mwenye mkia mrefu uliojikunja. Kila dume hukanyaga nyasi na kufanya kiwanja kidogo cha duara, akiacha kishungi kimoja cha nyasi katikati, kisha asubuhi huruka wima juu ya kishungi hicho, mara nyingi mfululizo, kichwa kikiwa nyuma na mkia ukiwa umeinuliwa, ili majike wamwone. Ukiwa mbali unaona tu vitu vyeusi vikirukaruka juu ya nyasi uwanda mzima. Mahali pa kufanyia haya ni nyasi za nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania pekee, na nyasi hizo zinazidi kugeuzwa mashamba. Karani tamba, anayetembea uwandani akiwakanyaga nyoka na panzi kwa miguu mirefu, naye aliingizwa mwaka 2020 katika daraja la walio hatarini. Hawa ndio ninaowafuata, na sijawahi kutoka mbugani nikiwa sikuridhika.

Eneo la madimbwi ya viboko, upande wa kusini mashariki, ndipo mahali pekee ambapo ningesema huduma inazidi matarajio. Askari wa wanyamapori mwenye bunduki huwaongoza wageni kwa miguu kandokando ya mto, chini ya migunga ya manjano, na askari niliyempata alijua kuongoza kwa kunyamaza. Alitusimamisha, akatuonyesha kwa kidole njia iliyolainishwa na matumbo ya viboko wanaopanda kwenda malishoni usiku, akaeleza kwamba mnyama huyo hula nyasi nchi kavu na kuacha kinyesi majini, hivyo huhamisha rutuba kutoka uwandani hadi kwa samaki. Maelezo hayo mafupi yaliniunganishia nyasi na maji kuliko bango lolote.

Mto wenyewe unatia uchungu. Mbagathi na vijito vinavyoingia mbugani hupita kwanza katika makazi yaliyokua haraka kuliko mabomba ya majitaka, na baada ya mvua kubwa taka za mjini hunaswa kwenye matawi ya kingo. Maji hayo hayaishii hapo: Mbagathi huwa Athi, Athi hupokea pia Mto Nairobi, kisha huwa Galana na Sabaki na kumwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini ya mji wa Malindi. Kinamasi chenye matete na mafunjo hupunguza mwendo wa maji, tope likatua, na mizizi ikafyonza sehemu ya uchafu uliomo. Kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, chanzo cha Mto Nairobi, hufanya kazi hiyo kabla maji hayajafika jijini. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda maeneo ya vinamasi na maji, mwaka 1990 na ina maeneo sita yaliyoorodheshwa, kuanzia Ziwa Nakuru hadi Delta ya Mto Tana. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo Nairobi. Vinamasi vyetu vya mjini ni vidogo, havina orodha ya kuvilinda, na kwa hiyo huzibwa kwa lori moja la kifusi baada ya jingine bila mtu kuuliza.

Kuna mambo mengine mawili ambayo mgeni atayaona na anapaswa kuyajua. La kwanza ni reli ya kisasa kuelekea Naivasha, iliyofunguliwa mwaka 2019, ambayo imevuka mbuga juu ya daraja lenye urefu wa kilomita 6. Wanyama hupita chini ya nguzo, na kujenga juu ya nguzo kulikuwa bora kuliko kujenga tuta. Hata hivyo kila ujenzi wa umma unaopitishwa hapa kwa sababu ardhi ni ya serikali na haihitaji fidia huufanya unaofuata uwe rahisi zaidi. La pili ni gugu karoti, mmea wenye maua madogo meupe ulioletwa kutoka Amerika ya kitropiki, unaoota kwanza kandokando ya barabara na mahali popote nyasi zilipokwaruzwa. Mifugo na wanyamapori huukwepa, huwasha ngozi za watu, na huzizuia nyasi kuchipuka. Mbegu zake husafiri kwenye matope ya magurudumu. Ukiosha gari lako kabla ya kuja umefanya kazi ya uhifadhi.

Jambo hilo la magurudumu linanirudisha kwenye huduma niliyolipia na kutoridhika nayo. Kampuni moja ya kutembeza wageni, ambayo sitaitaja, ilinipa dereva aliyekuwa na simu ya upepo iliyoita bila kukoma. Tulikuwa tumesimama kutazama kweche wakiruka nilipomwomba anieleze walichokuwa wakifanya. "Hizo ni ndege tu, mama," alinijibu akiwasha gari, "simba ziko huko mbele." Taarifa ya simba ilipothibitishwa aliacha barabara, akakata moja kwa moja uwandani juu ya udongo uliokuwa bado umelowa, na magari mengine yakafuata alama zake. Nyasi zilizolazwa na magurudumu zitasimama tena; udongo mweusi ukishagandamizwa haurudi upesi. Nyayo hizo mbili za gari hubaki kama mitaro, mvua inayofuata huzitumia kama njia, na katika misimu michache pale pana korongo la mmomonyoko badala ya malisho. Kuacha barabara hakuruhusiwi mbugani, na dereva alilijua hilo. Simlaumu peke yake, kwa kuwa bakshishi yake ilitegemea simba, na sisi wageni ndio tuliomfundisha hivyo.

Mwongoza wageni mwingine, mzaliwa wa Kajiado anayefanya kazi kwa kujitegemea, alinipa siku ya aina tofauti kabisa. Amekua akichunga, kwa hiyo anazitambua nyasi kwa kazi zake: hii huongeza maziwa, ile hubaki kijani kiangazi kikianza lakini haina nguvu, hii ng'ombe wakiigusa kabla ya mvua ya pili itakufa. Alinionyesha ukingo ambapo nyasi zilikuwa zimeliwa vizuri na mahali zilipoachwa zikakauka zikiwa zimesimama, na alieleza kwa nini punda milia walikuwa wamejaa upande mmoja wa barabara wala si wa pili. Watu wenye elimu hiyo wapo wengi ng'ambo ya mto. Ningependa kuona waajiri wa madereva wakiwatafuta na kuwalipa kwa elimu hiyo, na ningependa kuona shule za Nairobi zikiwaalika.

Basi kabla ya kukodi gari, muulize mwenye gari maswali haya: je, dereva ataweza kusimama nusu saa bwawani bila kulalamika, je, anawajua ndege wa uwandani, na je, atabaki barabarani hata simu ya upepo ikiita? Anayeendesha gari lake asihofu. Barabara kuu za mbuga hupitika na gari la kawaida wakati wa kiangazi, ila mvua zikianza zile za udongo mweusi ziachiwe magari yenye nguvu. Mei na Juni ni za kweche na nyasi zilizokomaa. Agosti hadi Oktoba, maji yanapopungua nje, wanyama hukusanyika kwenye mabwawa. Novemba huleta ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia.

Na ukiwa na siku nzima, usirudi mjini baada ya mbuga. Zunguka hadi Kitengela, ambako baadhi ya wenye mashamba wameunganisha ardhi zao kuwa hifadhi za jamii, Naretunoi ikiwa mojawapo, mkabala na mbuga ng'ambo ya mto. Huko unaweza kutembea kwa miguu na mtu wa pale, katika malisho yale yale ambayo nyumbu wa mbuga huyahitaji mvua zikinyesha. Fedha unayoitumia kula au kulala upande huo humfikia mwenye shamba ambaye mpaka sasa hajasimamisha ua, na ambaye wiki hii hii huenda amepigiwa simu na wakala wa ploti.